Udongo Ulioingia Sumu ya Viwandani: Uhamishwe, Uchomwe, au Waachiwe Bakteria?

Kiwanja kilichowahi kuwa gereji, bohari ya mafuta au karakana ya kutia dawa nguzo za umeme huuzwa kwa bei ya kuvutia, na mnunuzi huijua sababu siku anapochimba msingi. Udongo ni mweusi, unanata kwenye koleo, unanuka dizeli hata baada ya masika, na maji yanayojikusanya shimoni yana utando wenye rangi za upinde wa mvua. Kuanzia hapo washauri hawakosekani. Mwenye malori atasema udongo uchimbwe na uhamishwe, mwenye tanuri atasema uchomwe, na mwenye bakteria waliofungashwa kwenye magaloni atasema bakteria wake watakula kila kitu ndani ya mwezi mmoja. Kila mmoja ana sehemu ya ukweli, na kila mmoja ana bidhaa ya kuuza.

Nimefanya kazi ya kupima udongo wa namna hii kwa miaka kadhaa, na ulinganisho huu ninauandika kwa ajili ya mtu asiye na bidhaa ya kuuza bali ana kiwanja cha kukisafisha. Msimamo wangu ninauweka mezani mapema. Kwa udongo ulioingia mafuta, bakteria ndio wafanyakazi bora na wa gharama nafuu kuliko wote, lakini karibu kila mara wanaofaa ni wale waliomo tayari ndani ya udongo huohuo. Kazi ya binadamu ni kutambua wanakosa nini na kuwapa. Kwa sumu nyingine hali ni tofauti kabisa, na mtu asipotenganisha sumu hizi tangu mwanzo atalipa fedha nyingi kwa kazi ambayo haiwezekani.

Sumu yenyewe ndiyo inayoamua

Hidrokaboni za mafuta, yaani dizeli, petroli, mafuta ya taa na oili chafu ya injini, ni chakula. Hilo ndilo jambo la kwanza kulielewa. Bakteria wa jamii kama Pseudomonas, Rhodococcus na Acinetobacter hupachika oksijeni kwenye ncha ya mnyororo wa kaboni, mnyororo ukageuka kuwa asidi ya mafuta, kisha wakaukata vipande vya kaboni mbilimbili kama vile mwili wetu unavyoyeyusha samli. Mwisho wake ni hewa ya kaboni, maji, na bakteria wengine zaidi. Gramu moja ya udongo hai hubeba bakteria kwa mamia ya mamilioni, na miongoni mwao wapo wanaojua kazi hii hata mahali ambapo mafuta hayajawahi kumwagika, kwa sababu mimea yenyewe hutengeneza nta na mafuta, na dunia imekuwa ikitoa mafuta kwenye nyufa zake tangu kale. Minyororo mifupi na iliyonyooka huliwa haraka. Hidrokaboni zenye pete nyingi, kama zilizomo kwenye lami na kwenye kreosoti, yale mafuta meusi ya kutia nguzo dawa, huliwa polepole, na zenye pete tano au zaidi hubaki kwa miaka.

Kundi la pili ni kemikali zenye klorini, kama vile viyeyusho vya kuondolea grisi kwenye vyuma na vya kufulia nguo kwa mashine bila maji, mafuta ya PCB ya transfoma za zamani, na viuatilifu kama DDT na lindeni. Hapa bakteria wapo wanaoweza kazi, lakini ni wachache, wanachagua mazingira, na wakati mwingine kazi yao ikiishia njiani huacha sumu mbaya kuliko ya mwanzo.

Kundi la tatu ni metali: risasi, zebaki, kromiamu, aseniki. Metali ni elementi, na elementi haivunjwi na kiumbe chochote. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliishi kando ya kiwanda cha kuyeyusha betri za magari, watoto wao wakapatikana na risasi kwenye damu, na mwaka 2020 mahakama ya mazingira iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3. Udongo wa mahali kama pale hauna bakteria wa kuusafisha, na mtu yeyote anayekuja na chupa akidai risasi "italiwa" anapaswa kuonyeshwa mlango. Linalowezekana ni kuifunga risasi isiyeyuke, kwa mfano kwa fosfati, kuufunika udongo, au kuuondoa. Kromiamu hali yake ni nafuu kidogo, kwa kuwa bakteria wasiotumia oksijeni huweza kuigeuza kutoka hali yake yenye sumu kali inayotembea na maji kwenda hali ambayo hushikamana na udongo. Jambo hilo lina maana karibu na viwanda vya ngozi, ingawa metali yenyewe inabaki palepale. Zebaki, ambayo wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Geita na kanda yote ya Ziwa Victoria wanaijua vizuri, ni kinyume kabisa. Kwenye matope yasiyo na hewa, bakteria huigeuza kuwa methili ya zebaki, ile inayopanda kutoka tope hadi samaki na kutoka samaki hadi mezani. Kumwaga molasi au samadi kwenye matope yenye zebaki kwa nia njema ya kuwachochea bakteria kunaweza kuongeza madhara yaleyale uliyotaka kuyazuia.

Karakana ya nguzo ni mfano mzuri wa kwa nini kipimo hutangulia mkataba. Nguzo nyingine hutiwa kreosoti, nyingine hutiwa dawa ya shaba, kromiamu na aseniki, na mara nyingi kazi zote mbili zimefanyika kwenye uwanja mmoja, hatua thelathini zikitenganisha matangi. Upande mmoja bakteria wanaweza kukusaidia. Upande wa pili, hata kidogo.

Lori, tanuri na jembe

Kuchimba na kuhamisha kuna sifa moja ambayo njia nyingine hazina, nayo ni kasi. Wiki mbili zinatosha, kiwanja kinajazwa kifusi safi, na mjenzi anaanza msingi. Ninaishauri njia hii pale ambapo uchafu ni kidogo na uko juu, au pale ambapo watu wanaishi juu ya sumu na hawawezi kusubiri. Kasoro yake ni kwamba haisafishi chochote. Inabadilisha anwani tu. Udongo huo ni taka hatarishi kisheria, kuusafirisha kunahitaji kibali cha mamlaka ya mazingira, NEMC kwa Tanzania au NEMA kwa Kenya na Uganda, na dampo lenye sakafu isiyovuja ni adimu katika eneo letu. Nimeona shehena ya udongo wa gereji ikiishia kujazia barabara ya mtaa mwingine, pale ambapo watoto huchezea mpira, na aliyelipa gharama hakujua mpaka tulipoufuata mzigo. Ukichagua njia hii, sehemu kubwa ya bei unayolipa inapaswa kuwa ya mwisho wa safari, na unapaswa kwenda kuuona mwisho huo kwa macho yako.

Kuchoma kuna namna mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni kuupasha udongo joto, nyuzijoto mia moja hadi mia tano na ushei kutegemea uzito wa mafuta, ili mafuta yageuke mvuke na mvuke huo ukamatwe au uchomwe kando. Ya pili ni kuuchoma wenyewe kwa joto linalozidi nyuzijoto 850, na kwa kemikali zenye klorini linalozidi 1,100. Matanuri ya saruji, ambayo ndani yake klinka huiva kwenye nyuzijoto 1,450 hivi, hutumika kwa kazi hii katika nchi nyingi. Moto una uhakika ambao bakteria hawana. Ukiacha metali, hauchagui kemikali, haungoji msimu, na unafaa pale ambapo sumu ni nzito kiasi cha kuwaua bakteria wenyewe. Lakini unakula nishati nyingi, na udongo unaotoka tanurini umekufa: hauna mboji, hauna viumbe, na maji yanapita juu yake kama yanavyopita juu ya tofali. Moto hafifu kwenye kemikali zenye klorini ni hatari zaidi, kwa sababu hutengeneza dioksini, sumu kali inayodumu. Kuchoma udongo wenye PCB kwenye pipa au shimo, kama mafundi wengine wanavyofanya na taka za transfoma, ni kitendo ninachomwomba kila anayesoma hapa asikifanye.

Njia ya bakteria ni ya polepole. Inahitaji miezi mitatu hadi miaka miwili kwa udongo wa mafuta, inahitaji nafasi, na inahitaji mtu wa kuufuatilia udongo kama mkulima anavyofuatilia shamba. Mwongozo wa shirika la mazingira la Marekani, EPA, kuhusu maeneo ya matangi ya mafuta unaeleza mipaka yake bila kuficha: mafuta yakizidi miligramu 50,000 kwa kilo ya udongo, au metali nzito zikizidi miligramu 2,500, bakteria hulemewa, na ni vigumu kuondoa zaidi ya asilimia 95 ya mafuta yaliyokuwepo. Kwa hiyo anayehitaji kupunguza uchafu kwa asilimia 99 hapaswi kuahidiwa bakteria peke yao. Kwa upande wa pili, mwisho wa kazi una udongo unaoota majani, haujasafirishwa popote, na gharama kubwa imekuwa mbolea, maji na mikono ya watu. Kwa kiwanja cha kawaida cha gereji chenye nafasi na mwenyewe asiye na haraka, sioni sababu ya kwenda kwingine.

Kuwaacha, kuwalisha, au kuleta wageni

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, kwa hiyo nitakaa zaidi.

Ukishaamua kutumia bakteria, una njia tatu. Unaweza kuuacha udongo ujisafishe ukiupima tu kila baada ya miezi kadhaa. Unaweza kuwalisha bakteria waliomo, yaani kuwapa nitrojeni, fosforasi, maji na hewa. Au unaweza kuongeza bakteria kutoka nje.

Kuuacha si uzembe kama kunafanywa kwa kipimo. Kwa mafuta mepesi, kwenye mchanga, mbali na kisima, ni uamuzi halali. Lakini ni uamuzi wa miaka, na unamtaka mtu awe na uhakika kwamba sumu haitembei. Kulisha ndiko kulikopata ushahidi mkubwa zaidi. Tarehe 24 Machi 1989 meli ya Exxon Valdez ilimwaga lita milioni 40 na zaidi za mafuta ghafi kwenye pwani ya Alaska, na baada ya kuosha mawe kwa maji ya moto, wataalamu walinyunyizia mbolea kwenye zaidi ya kilomita 100 za ufuko. Bakteria wa ufukweni waliitikia, na mafuta yalioza kwa kasi kubwa kuliko sehemu zisizopewa mbolea. Kilichofuata mwaka 1990 hakisimuliwi sana na wauzaji wa magaloni: bidhaa za bakteria za kununua zilijaribiwa palepale, na hazikuonyesha faida inayopimika juu ya mbolea peke yake.

Sababu yake si ngumu. Bakteria aliyezaliwa kwenye chupa ya maabara, kwenye chakula cha kutosha na joto lisilobadilika, anaingia kwenye udongo ambao una wenyeji kwa mabilioni, walaji wa bakteria kwa mamilioni, na njaa ileile ya nitrojeni inayowazuia wenyeji kufanya kazi. Wageni hufa kabla ya mwezi. Hata bakteria maarufu kuliko wote, yule Pseudomonas aliyeundwa na Ananda Chakrabarty ili ale mafuta, ambaye Mahakama ya Juu ya Marekani iliruhusu apewe hataza mwaka 1980, jina lake lilibaki kwenye vitabu vya sheria. Kwenye mafuta yaliyomwagika hakuwahi kupelekwa kazini.

Nina mfano wa karibu. Mwenye karakana mmoja alinunua unga wa bakteria kutoka nje kwa fedha ambazo zingelipa vibarua msimu mzima, akaukoroga kwenye maji, akaumwagia lundo la udongo wenye dizeli, akangoja miezi mitatu. Hakuna kilichobadilika. Tulipofika, lundo lilikuwa kavu kiasi kwamba ukiufinyanga udongo mkononi unamwagika kama unga wa sembe, na kipimo cha nitrojeni kilikuwa karibu na sifuri. Tuliongeza pumba za mpunga ili upenye hewa, mbolea ya dukani, maji hadi udongo ukashikamana bila kutoa jasho, na tukaufunika kwa turubai. Kwenye wiki ya tatu, ukiingiza mkono hadi kiwiko, ndani kulikuwa na vuguvugu kama la samadi inayochachuka. Harufu nayo ilikuwa imegeuka: dizeli imejificha nyuma, na mbele kuna ile harufu ya ardhi baada ya mvua ya kwanza, ambayo nayo ni kazi ya bakteria. Wenyeji walikuwepo muda wote.

Kwa hiyo kabla hujalipia bakteria wowote, fanya jaribio la makopo manne. Changanya udongo wako vizuri na ugawe sawa. Kopo la kwanza liache kama lilivyo. La pili liongeze mbolea na unyevu. La tatu liongeze mbolea, unyevu na bakteria unaouziwa. La nne ipe maabara iwaue bakteria wote waliomo, ili ujue ni kiasi gani cha mafuta hupotea kwa kuvukiza tu. Baada ya wiki sita hadi nane, pima mafuta yaliyobaki. Kopo la tatu likiwa sawa na la pili, umejiokolea fedha. Muuzaji anayekataa jaribio hili amekujibu bila kutamka neno.

Kuna mahali ambapo ushauri wangu unageuka, na nisingependa msomaji aukose. Viyeyusho vyenye klorini, kama trikloroetilini, husafishwa hadi mwisho hasa na kundi moja la bakteria, Dehalococcoides, ambao hawali kiyeyusho hicho bali hukipumulia, kama sisi tunavyotumia oksijeni. Hunyofoa klorini moja baada ya nyingine mpaka inabaki etilini, gesi ileile inayoivisha ndizi. Wasipokuwepo, bakteria wengine huifanya kazi nusu na kuishia kwenye kloridi ya vinili, ambayo husababisha saratani ya ini. Kwa hiyo hapa kuleta wageni kunaweza kuwa ndio uamuzi sahihi, baada ya maabara kupima kama wapo au hawapo kwa njia ya vinasaba. Masharti yao nayo yamepinduka: oksijeni huwaua, hivyo kulima udongo au kupuliza hewa ni kuwaangamiza. Wanalishwa haidrojeni kwa kupitia molasi au mafuta ya kula yanayosukumwa ardhini na kuchachuka polepole, na molasi si kitu tunachokikosa katika nchi zenye viwanda vya sukari kama Kilombero na Kakira.

Kulima, kurundika, au kupuliza hewa

Tuseme basi ni mafuta, na tumeamua kuwalisha wenyeji. Swali linalobaki ni jinsi ya kuwafikishia hewa, na hesabu ndogo inaonyesha kwa nini swali hilo ni kubwa. Chukua mita za ujazo 20 za udongo, ambazo ni kama tani 32, zenye mafuta asilimia 2. Hapo kuna kilo 640 za mafuta. Kila kilo ya mafuta huhitaji takriban kilo tatu na nusu za oksijeni ili iishe, kwa hiyo unatafuta tani mbili na ushei za oksijeni, zinazopatikana kwenye mita za ujazo 8,000 hivi za hewa. Hiyo ni mara mia nne ya ukubwa wa lundo lenyewe. Udongo uliokaa kimya umegandamana hauwezi kuvuta hewa hiyo kwa miaka.

Chakula kingine ni kidogo ukilinganisha. Kwa kanuni inayotumika sana ya kaboni 100 kwa nitrojeni 10 kwa fosforasi 1, lundo hilo lingehitaji kama kilo 27 za DAP na kilo 107 za Urea, yaani nusu mfuko wa kwanza na mifuko miwili na kidogo ya pili. Usiiweke yote siku moja. Urea nyingi kwa mkupuo hutoa amonia na kupandisha chumvi, bakteria wakanyauka kama miche iliyotiwa mbolea kupita kiasi. Anza na theluthi, pima, kisha ongeza; mara nyingi hutafikia kiasi chote.

Kulima ndiyo njia rahisi kuliko zote. Udongo hutandazwa kwenye sakafu isiyovuja, kina cha sentimita 30 hadi 45, ukageuzwa kwa trekta au jembe kila wiki mbili na kunyweshwa. Hewa unayoitoa ni bure, na kwa joto letu bakteria hufanya kazi mwaka mzima, jambo ambalo wenzetu wa nchi za baridi hawana. Gharama yake ni nafasi, kwa sababu mita 20 za ujazo zinataka uwanja wa mita za mraba 50 na zaidi, na gharama ya pili ni pua za majirani. Ukilima udongo wenye petroli, benzini, kemikali nyepesi iliyomo ndani yake, haioshwi na bakteria bali inaruka hewani, na benzini husababisha saratani ya damu. Kwa petroli iliyomwagika karibuni, kulima karibu na nyumba za watu sikubaliani nako.

Tuta la mabomba huchukua nafasi ndogo zaidi. Udongo hurundikwa kimo cha mita moja hadi tatu, mabomba yenye matundu yakapita ndani yake, na feni ikavuta hewa; hewa inayotoka hupitishwa kwenye mkaa ili benzini ikwame humo. Unahitaji umeme wa kutegemewa na mtu anayeijua feni, lakini mjini, penye kuta za majirani pande tatu, ndiyo njia ninayoichagua.

Kupuliza hewa ardhini bila kuchimba ni kwa ajili ya mafuta yaliyozama chini ya jengo ambalo haliwezi kubomolewa. Visima vyembamba hutobolewa na hewa husukumwa polepole kwenye udongo ulio juu ya maji ya ardhini. Kwenye mchanga wa pwani hufanya kazi vizuri. Kwenye mfinyanzi mweusi wa mbuga, hewa hufuata nyufa na kuacha matonge yaliyolowa mafuta kama yalivyokuwa.

Kina ndicho kinachowaangusha wengi. Ripoti ya UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, kuhusu eneo la mafuta la Ogoni, Nigeria, iliyotolewa Agosti 2011 baada ya kuchunguza maeneo zaidi ya 200, ilikuta kwamba kati ya maeneo 15 yaliyoandikwa kuwa yamekwisha kusafishwa na yaliyopimwa upya, 10 yalikuwa bado yamezidi viwango. Njia iliyotumika ilikuwa hii hii ya kulima na kuwalisha bakteria wenyeji, lakini juu juu, wakati mafuta yalikuwa yameshuka mita tano na zaidi katika maeneo mengi. Huko Nisisioken Ogale watu walikuwa wakinywa maji ya visima yenye benzini zaidi ya mara 900 ya kiwango cha Shirika la Afya Duniani. Bakteria hawakushindwa pale. Hawakufikishwa mafuta yalipokuwa. Vivyo hivyo, bomba la Mombasa–Nairobi lilipovuja huko Thange, Makueni, mwaka 2015, mafuta yaliingia mtoni na visimani, na udongo unaochimbwa na kusafishwa pembeni haujibu swali la maji ambayo familia inachota. Mahali penye kisima, pima maji kabla hujagusa udongo.

Viuatilifu vilivyolala

Nimeyaacha haya mwisho kwa sababu yananiumiza zaidi. Mwaka 1986 Tanzania ilipokea kutoka Ugiriki msaada wa viuatilifu, vingine vikiwa vimepitwa na wakati, vikahifadhiwa kwenye banda la shamba la Vikuge, Mkoa wa Pwani. Banda lilianguka, sumu ikaingia ardhini, na hata baada ya shehena kuondolewa udongo ulibaki na DDT nyingi mno, pamoja na HCH, kundi la viuatilifu ambamo lindeni imo.

Je, bakteria wangefaa? Kwa lindeni na ndugu zake wa HCH, wapo Sphingobium waliopatikana Japani na India ambao huitumia kama chakula, ingawa aina yake ya beta huwashinda kwa muda mrefu. Kwa DDT, penye hewa huishia kuwa DDE, ambayo hudumu kwa miongo. Pasipo hewa hupita njia nyingine na kuendelea kuvunjika polepole. Wanaojaribu kwa uzito huloweka udongo pamoja na mboji ili hewa iishe, kisha huukausha na kuugeuza, awamu baada ya awamu. Kwa kiini cha mahali kama pale, penye sumu ya kuonekana kwa macho, ningechagua tanuri lenye joto kamili bila kusita. Kwa mashamba ya pembeni, ambako sumu ni hafifu lakini imesambaa, kuchoma kungekuwa kuua ardhi yote ili kuokoa sehemu yake; huko mboji na bakteria, pamoja na marufuku ya kulisha mifugo na kuokota mayai ya kuku wanaochakura hapo, ndiyo njia ambayo ningeisimamia.

Kujua kazi imekwisha

Mkataba wowote utakaotia saini uandike nani atachukua sampuli na kutoka kina gani. Sampuli za juu ya tuta ndizo safi siku zote, kwa kuwa huko ndiko hewa iliko. Zinazosema kweli ni za katikati na za chini kabisa, karibu na sakafu, na kwenye kiwanja chenyewe ni za chini ya kuta za shimo lililochimbwa. Zaidi ya kipimo cha maabara, mimi hupanda kunde kwenye vyungu kumi vya udongo uliosafishwa na vyungu kumi vya udongo wa jirani usiowahi kuchafuka, bila nia ya kuzila. Kunde zikiota kwa idadi sawa na mizizi yake ikawa mirefu sawa baada ya wiki mbili, ninapeleka majibu ya maabara kwa mwenye kiwanja. Zikiota nusu, tuta linafunikwa tena.